Kicheko Kinachofunika Mkono: Karata za Kikorea Chumbani Kawangware (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza kazi ya watafsiri wa filamu, wale wanaopandisha sauti zao juu ya sauti za waigizaji, na jinsi DJ Afro na wenzake walivyowalea watazamaji wa vibanda vya video Kibera, Kawangware na kwingineko Nairobi. Gazeti lilipotoka, kijana mmoja alinisimamisha katika kituo cha matatu cha Olympic, Kibera, akaniamkia, kisha akauliza: "Mwalimu, mtafsiri akitia utani ambao haumo kwenye filamu, si huwa ametuuzia kitu kingine?" Matatu ilikuwa ikipiga honi na sikuwa na jibu la kumtosha. Nimelitafuta tangu siku hiyo. Nimelipata katika filamu ya Kikorea ya wacheza kamari, ambayo tuliitazama na jirani zangu Kawangware, watu wanane chumba kimoja, kompyuta imekaa juu ya kreti ya soda.

Filamu inaitwa Tazza. Ni neno la wacheza karata wa Korea, na humtaja yule bingwa ambaye ubingwa wake umo katika kuiba bila kuonekana. Mwongozaji ni Choi Dong-hoon. Ilitoka mwaka 2006, msimu wa sikukuu ya Chuseok ambapo Wakorea hurudi makwao kula mavuno na jamaa zao, na ikauza mamilioni ya tikiti. Kisa kilitolewa katika vitabu vya katuni vya mchoraji Huh Young-man na mwandishi Kim Se-yeong. Goni, anayeigizwa na Cho Seung-woo, ni kijana wa kiwanda cha samani. Anakaa kwenye karata, anamaliza akiba yake, anarudi nyumbani, anaiba pesa alizopewa dada yake baada ya talaka, na hizo nazo zinaliwa. Baadaye anagundua kwamba mchezo ulikuwa umepangwa tangu karata ya kwanza. Katika kuwasaka waliomla anampata mzee Pyeong (Baek Yoon-sik), ambaye anamfundisha ufundi wa mikono. Anampata Madam Jeong (Kim Hye-soo), anayeandaa michezo ya kuwanasia wenye pesa. Na mwisho wa njia anamkuta Agwi (Kim Yoon-seok), mtu ambaye kutajwa tu kwa jina lake kunawanyamazisha wacheza karata.

Ukikisoma kisa hivi, hakina cha kuchekesha. Watu wanaibiwa, wanavunjwa viungo, wanauawa. Hata hivyo chumba chetu kilicheka kwa sehemu kubwa ya saa mbili na dakika 19. Ni kicheko hicho ninachotaka tukifungue leo.

Lakini kwanza karata zenyewe, maana jirani zangu walikwama hapo. Karata za Wakorea huitwa hwatu. Ni ndogo, ngumu, na hazina wafalme wala namba. Zipo 48, miezi 12 ya mwaka, kila mwezi karata nne, na kila mwezi una mmea wake. Januari ni msonobari. Machi ni maua ya mcheri. Oktoba ni majani mekundu, na mojawapo ina kulungu amesimama kando yake. Wakorea walizipata kutoka Japani, ambako huitwa hanafuda. Kampuni ya Nintendo, ambayo watoto wetu wanaijua kwa michezo ya kompyuta, ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 kwa kazi ya kutengeneza karata hizo hizo za maua. Nao Wajapani walifundishwa karata na mabaharia Wareno katika karne ya 16, ndiyo maana wao husema karuta. Sisi husema karata. Neno ni lile lile la Kireno, na kwetu pwani halikuja peke yake: shupaza, kopa, uru na pau yote ni maneno yaliyoshushwa na merikebu za Wareno. Huko Japani watawala walipopiga karata za kigeni marufuku, watengenezaji walibadili sura zake, zikapigwa marufuku tena, wakabadili tena, mpaka namba zikapotea na maua yakabaki. Napenda sana historia hii. Inaonyesha kwamba karata ya Kawangware na karata ya Seoul ni ndugu waliotengana baharini.

Mchezo wanaoucheza katika filamu unaitwa seotda. Huchukuliwa karata 20 tu, mbili za kila mwezi kuanzia Januari hadi Oktoba, na kila mchezaji hupewa mbili. Ukipata mbili za mwezi mmoja una jozi, na jozi ya Oktoba hushinda jozi ya Septemba. Usipopata jozi unajumlisha miezi yako na kuhesabu tarakimu ya mwisho, na tisa ndiyo bora. Ziko karata chache zenye alama ya mwangaza ambazo zikikutana hupita jozi zote. Basi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuujua mchezo huu kwa dakika tano, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu karata mbili hazimpi mtu kazi ya kufikiri. Kazi yote inabaki kwenye uso wa mwenzako na kwenye mdomo wake. Linganisha na mchezo wetu wa poka wa mitaani, ambao ukikaribia kumaliza ni lazima utangaze "Niko kadi!", na ukinyamaza hukubaliwi kushinda. Mchezo wetu unakulazimisha kusema ukweli mbele ya meza. Seotda haimlazimishi mtu kusema lolote la kweli.

Sasa kicheko. Goni anapata mwenzi anayeitwa Go Gwang-ryeol, aliyeigizwa na Yoo Hae-jin. Mtu huyu haachi kuongea. Anasimulia mambo ya njiani, anajisifu, anawatania walio mezani, anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Chumbani kwetu alipendwa mara moja, kwa kuwa kila mtu alikuwa na rafiki wa namna hiyo, bingwa wa mchongoano ambaye ukianza kushindana naye utajikuta unacheka huku unatukanwa. Nilimwomba kijana aliyekaa karibu na kompyuta arudishe nyuma tukio moja la mezani na azime sauti. Tukalitazama upya, kimya. Bila sauti ya Gwang-ryeol, macho yetu yalishuka yenyewe kutoka usoni mwake hadi mikononi. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameitazama ile mikono.

Hapo nikakumbuka pata potea. Mtu aliyekulia Nairobi hahitaji kuelezwa, lakini kwa msomaji wa mbali: ni karata tatu juu ya boksi lililolazwa juu ya stuli, moja ndiyo ya bahati, na mchezeshaji anazihamisha mbele ya macho yako huku akiongea bila kituo. Wenzake wanasimama wakijifanya wapita njia, na wao ndio wanaoshinda. Kuna ujanja mmoja ninaouona kuwa mkubwa kuliko yote. Mchezeshaji anageuka kumtania mtu, umati unacheka, na katika sekunde hiyo mmoja wa wenzake anakunja kidogo pembe ya karata ya bahati. Wewe umeona. Unacheka pamoja na wengine, lakini kicheko chako kina siri ndani yake: unajua jambo ambalo mwenye karata hajui. Unatoa pesa zote. Karata yenye pembe iliyokunjwa inafunuliwa, na siyo yenyewe, kwa sababu pembe ilinyooshwa katika mkono na nyingine ikakunjwa. Nilikuwa na miaka 19 nilipoacha pesa za unga na nauli juu ya boksi kama hilo. Nilitembea hadi nyumbani, na njia nzima kilichoniuma kuliko hasara ni kwamba nilikuwa nimecheka.

Choi Dong-hoon anaijua sekunde hiyo. Katika filamu yake utani haukuwekwa ili mtazamaji apumzike baina ya vitisho. Umewekwa mahali ambapo mkono unafanya kazi. Ukishacheka na mtu, umeshamsogelea, na ukishamsogelea vidole vyako vinalegea mfukoni.

Kuna kicheko cha pili, cha mtu asiyejua kwamba anachekesha. Gwak Cheol-yong, bosi wa genge anayeigizwa na Kim Eung-soo, huongea kwa uzito wa mtu anayetoa hukumu, anachukia kudharauliwa, na akiliwa anaongeza dau maradufu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mwaka 2019, miaka 13 baada ya filamu kutoka, vijana wa Korea walimfufua kwenye intaneti, wakayarudia maneno yake kila mahali, na mwigizaji mwenyewe akaitwa kufanya matangazo ya biashara. Sisi tunaijua sanaa hiyo. Marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi, aliyetuacha mwaka 2015, alituchekesha kwa miongo kadhaa kwa kukasirika kikweli kweli. Tofauti ni kwamba hasira ya Ojwang iliishia sebuleni, na ya Gwak inabeba pesa hadi mezani. Anaongeza dau kwa kuwa amejisimulia kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kuliwa mara mbili.

Nikaanza kuona kwamba filamu nzima imejengwa na wasimulizi. Imegawanywa sura, kila sura na kichwa chake kwenye skrini, kama kitabu. Sauti inayotuongoza katika sehemu kubwa ni ya Madam Jeong, anayemkumbuka Goni, na kadiri tunavyosonga mbele tunaanza kuelewa kwamba huyu tunayemwamini atusimulie ndiye mwenye mengi ya kuficha. Wakati unakwenda mbele na kurudi nyuma. Mwigizaji Kim Hye-soo alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo za Blue Dragon mwaka huo, na nadhani alistahili kwa sauti yake peke yake: anasimulia kama mtu anayekuandalia chai.

Msukosuko huo wa wakati ulimpa kazi kijana wetu wa kompyuta. Alikuwa ameshaitazama filamu, basi kwa hiari yake akawa mtafsiri wetu. Jina Gwang-ryeol lilimshinda, akambatiza "Mdomo". Agwi akawa "Mzee wa Nyundo". Kila wakati uliporudi nyuma alituambia, "Hapa bado Goni ni fala," na ulipokwenda mbele, "Sasa ameiva." Maneno hayo hayamo kwenye filamu. Lakini bila hayo, watu wanane wasingefika hata sura ya nne. Nilimkumbuka Mwas, mhusika mkuu wa Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga ya mwaka 2012, kijana wa kijijini anayeuza diski za filamu kwa kuziigiza mbele ya mnunuzi, akiruka na kupiga risasi kwa mdomo. Anayeziuza anauza na usimulizi wake humo humo.

Tena Wakorea wenyewe waliwahi kuwa na watu wa kazi hii. Zama za filamu zisizo na sauti, nchi yao ikiwa chini ya Japani, mtu aliyeitwa byeonsa alisimama kando ya skrini na kusema kwa niaba ya wahusika wote, mwanamume na mwanamke, mwovu na mwema. Filamu ya Arirang ya Na Woon-gyu, iliyoonyeshwa kwanza katika jumba la Danseongsa mjini Seoul mnamo Oktoba 1926, ilifika masikioni mwa watu kwa kinywa cha byeonsa. Picha ziliweza kukaguliwa na serikali kabla ya onyesho, lakini maneno yalizaliwa pale ukumbini, kila usiku upya. Ndiyo maana wakoloni hawakuwaacha byeonsa hivi hivi. Waliwawekea mitihani na leseni. Walijua kwamba anayesema juu ya picha anaweza kuigeuza. Kwa hiyo kijana wangu wa Olympic hakuuliza swali dogo. Aliuliza swali lililowasumbua watawala.

Kabla ya kulijibu, nizungumze juu ya mkeka, maana nao una msimulizi wake. Mkeka, kwa lugha ya wanaobeti, ni tiketi yenye mechi nyingi zilizosukwa pamoja. Mechi moja ikikataa, mkeka wote umechanika. Mnamo Mei 2017 Samuel Abisai alibashiri sawasawa mechi zote 17 za Mega Jackpot ya kampuni ya kubeti ya SportPesa, akapata zaidi ya shilingi milioni 221, na jina lake likaimbwa nchi nzima. Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, ugenini au sare. Zidisha tatu kwa tatu, tatu hizo zikiwa 17, na utapata njia 129,140,163 za kujaza tiketi ile, na iliyo sahihi ni moja. Nimewaandikia vijana hesabu hiyo ubaoni. Wanaielewa vizuri, hesabu yao si mbaya. Kinachoishinda hesabu ni masimulizi ya Jumatatu asubuhi. Keti karibu na kinyozi au kwenye kibanda cha chai, Makina huko Kibera au Kawangware, usikilize: "Timu moja tu imenichoma, buda. Dakika ya 90!" Na kisa kinasimuliwa kwa ufundi, kwa miguno na vituo, mpaka wote wanacheka na msimulizi mwenyewe anacheka. Kikiisha, aliyechanikiwa mkeka hana sura ya mtu aliyepoteza pesa. Ana sura ya mtu aliyekosa kwa unywele. Kicheko kimeufunika mkono tena, na safari hii mkono uliofunikwa ni wake, unaoingia mfukoni kwa ajili ya Jumamosi ijayo. Nawapenda vijana hawa, na nasikia uchungu kila ninapocheka nao.

Sasa turudi kwenye filamu, kwenye mchezo wa mwisho, unaochezwa melini.

Agwi amemharibu mkono Gwang-ryeol, na Goni amekuja kulipiza. Madam Jeong yuko mezani. Goni anagawa karata. Anapotaka kumpa Jeong karata yake ya mwisho, Agwi anamdaka mkono na kuwaamuru wote watulie. Kisha anafanya jambo ambalo ndilo kiini cha filamu yote: anasimulia. Anasema Goni amechomoa karata kutoka chini ya kifurushi. Anasema Goni amempa yeye jozi ya Septemba ili aingie tamaa. Anasema karata hii iliyolazwa kifudifudi ni ya Oktoba, ya majani mekundu, ili Jeong awe na jozi ya Oktoba na mchezo uishe. Kila kipande kinakaa mahali pake. Goni anamjibu kwa dharau kwamba anajitungia filamu, naye Agwi anaagiza nyundo iletwe. Wanawekeana dau: pesa zote, na mkono wa atakayekosea.

Hapo kijana wetu akabonyeza kitufe. Picha ikaganda, karata imelala kifudifudi. Akatugeukia na kuuliza, bila pesa, kwa heshima tu: ni karata gani?

Tulijibu kwa pamoja. Majani mekundu. Mmoja alieleza kwa nini, mwingine akamsaidia, wa tatu akasema ameuona mkono ukipita chini. Mimi mwenyewe nilisema majani mekundu, ingawa nilikuwa nimekaa jioni nzima nikiandika maelezo juu ya udanganyifu. Maelezo ya Agwi yalikuwa mazuri mno. Alikuwa amesimulia vizuri kuliko yeyote katika filamu, na akaamini alichosimulia, nasi tukaamini pamoja naye.

Mlangoni alikuwa amesimama mama anayetuuzia chapati, amekuja kudai pesa zake za juzi. Kijana akamuuliza naye: "Na wewe, mama?"

"Mimi sijaiona hiyo karata," alisema. "Imelala."

Kusimamisha kule hakumo katika filamu ya Choi Dong-hoon. Choi alitupitisha haraka, kama mchezeshaji wa pata potea anavyopitisha. Aliyetusimamisha, akatuonyesha mikono yetu wenyewe ikiwa tayari mezani, ni kijana wa Kawangware aliyeongeza kitu chake. Msomaji wangu wa Olympic, hilo ndilo jibu nililokosa kukupa siku ile. Yuko anayetania ili usitazame mkono, na yuko anayetania ili utazame, na ukitaka kuwatofautisha angalia macho yako yamekwenda wapi wakati unacheka.

Kijana akabonyeza kitufe. Karata ikafunuliwa: maua ya mcheri, Machi. Chumba kikapiga kelele, Agwi akabaki ameitazama kama mtu aliyesahau kusoma. Mama alihesabu pesa zake za chapati, akazifunga kwenye ncha ya leso, akaondoka kabla nyundo haijashuka.

Itaendelea.